Aliyekwenda Kunywa Chai

Ukoo wetu ni mkubwa, na ukihudhuria harusi yetu yoyote huhitaji kuambiwa. Viti havitoshi, sufuria hazitoshi, na ikifika picha ya pamoja mpiga picha hurudi kinyumenyume mpaka agonge ukuta. Tuna hata kundi la simu linaloitwa Damu Moja. Aliyelipachika jina hilo ni baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, na akaliwekea picha ya mikono iliyoshikana. Siku hizi nikiliona kwenye simu natamani kulifuta, lakini sijajitoa. Nataka wajue nimo.

Mimi ni msusi. Siku mdogo wangu alipoumia nilikuwa na mteja kitini, mwanamke mmoja mcheshi asiyejua kutuliza kichwa, nusu nimeshamsuka na nusu bado nywele zimesimama. Simu ikalia. Alikuwa mwenye duka ambako mdogo wangu, fundi vioo, alikuwa akifunga mlango mpya. Kioo kilikuwa kimechomoka kwenye fremu, kikavunjika, na kipande kikampitia paja. Alikuwa ameangukia mtaroni mbele ya duka, kwenye maji machafu, na damu ilikuwa inamruka. Walikuwa wamemfunga shati wakamkimbiza hospitali.

Nilisimama na kitana mkononi. Yule mteja akanyanyuka, akajifunga kitambaa juu ya ile nusu, akaniambia, "Funga saluni, dada. Twende." Hata jina la mdogo wangu alikuwa halijui.

Hospitalini tulimkuta wifi yangu, mke wa mgonjwa, amekaa sakafuni na mtoto mchanga ziwani. Daktari alitoka chumba cha upasuaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, akatuambia bila kuzungushazungusha. Mshipa mkubwa ulikatika, wameshaushona, mguu umebaki. Lakini damu aliyomwaga ni nyingi, na benki ya damu imekombwa na ajali ya basi ya majuzi. Mgonjwa ni kundi O.

"O anampa kila mtu," alisema, "lakini yeye hapokei ila ya O mwenzake. Nani ndugu hapa?"

Ndivyo alivyo mdogo wangu tangu utoto, nilitaka kumwambia. Hakuna nyumba ya ukoo ambayo hajaweka kioo, na hakuna aliyemwona akinyoosha mkono kudai.

Nilikwenda kupimwa, nikawa si O. Walinitoa damu hata hivyo, wakasema itamfaa mwingine. Wifi ananyonyesha, walimkataa mlangoni. Aliyefaa alikuwa mteja wangu, na nusu kichwa chake. Alilala pale akatoa, akawa anawachekesha wauguzi kwamba amekuja mjini kusukwa akaishia kunyonywa. Mfuko ule mmoja ndio uliomshika mdogo wangu asivuke upande wa pili.

Nikaandika kwenye Damu Moja. Nikaeleza kila kitu: ametokwa na damu, anahitaji O, njooni mpimwe, ni dakika chache. Simu ikaanza kulia mfululizo nikadhani wanakuja. Kumbe ni vile vipicha vya mikono ya maombi. Vilijaa mpaka ujumbe wangu ukapotea juu. Shangazi akasema damu yake mwenyewe ni kidogo. Mjomba alikuwa safarini, na safari yenyewe sikuwahi kuisikia. Binamu mmoja akasema anaogopa sindano, na huyo kachora simba mkono mzima, kuanzia begani mpaka kiganjani, sijui alichorwa kwa unyoya.

Wengine waliahidi, na nitakuwa mwongo nikisema wote waliingia mitini. Watatu wanne walijibu kwamba wako njiani. Wa kwanza kufika alikuwa baba mdogo, na kofia yake ya kijivu asiyoivua hata msibani. Nilimshukuru mpaka nikamshika miguu. Akaelekea benki ya damu, akakawia, akarudi kwenye benchi letu akijifuta mdomo, makombo ya mkate kifuani.

"Wamenipima," akasema. "Wanasema presha. Sifai."

Alishika tama kwa huzuni, nikamwonea huruma. Nikaenda kumtafutia maji ya kunywa, mzee wa watu asije akazidiwa naye.

Mchana ule daktari alitoka tena, akatuita mimi, wifi na baba mdogo pembeni. Alisema mgonjwa anaporomoka na hawezi kusubiri. Ipo dawa ya majaribio, hospitali ina kibali cha kuitumia pale damu inapokosekana: damu ya kutengeneza. Inachukuliwa ile sehemu ya damu ya ng'ombe inayobeba hewa, inachujwa, inasafishwa, inawekwa kwenye mifuko. Haina kundi. Mtu yeyote anaweza kupewa.

"Lakini nisikilizeni," alisema. "Hii kazi yake ni kubeba hewa, basi. Haigandishi jeraha, na baada ya siku moja au mbili imeisha mwilini. Ni daraja la kumvusha mpaka mlete damu ya mtu. Na ina mambo yake. Anaweza kupata homa, macho yatakuwa manjano, mkojo utabadilika rangi. Msishtuke. Ila kadiri nitakavyompa kidogo ndivyo nitakavyolala vizuri."

Wifi aliuliza kama mumewe atabaki mtu yuleyule. Daktari akamwambia ndiyo, hatalia kama ndama, na hapo wifi akacheka kidogo huku machozi yanamtoka, akatia sahihi.

Baba mdogo ndiye aliyefurahi. Uso ulimkunjuka.

"Kwa hiyo humu hamna mtu," akasema. "Hamna ukimwi wa mtu, hamna homa ya ini ya mtu. Hii ndiyo damu safi."

"Mzee, magonjwa ya mtoaji ndiyo hayamo," daktari akamjibu. "Sijasema haina hatari."

Lakini baba mdogo alikuwa ameshatoa simu. Nilimwona akiandika kwa kidole kimoja, taratibu, ulimi nje. Niliusoma ujumbe wake baadaye kidogo nilipokaa: *Tumshukuru Mungu. Imepatikana damu safi ya kiwandani, haina ugonjwa. Msihangaike tena.* Mikono ya maombi ikamiminika. Mpwa wetu mmoja alikuwa ameshafika getini na pikipiki, akageuza. Wale waliokuwa njiani wote waligeuza.

Niliandika kwamba hapana, bado inatakiwa, daktari amesema ni daraja tu. Nani anisikilize mimi msusi wakati mzee wa ukoo ameshasema. Shangazi alinijibu, "Mwanangu, punguza presha, mgonjwa yuko kwenye mikono salama." Nikapiga simu mmoja baada ya mwingine. Wengine walipokea wakasema ndiyo ndiyo. Wengine waliiacha ilie mpaka ichoke.

Basi daraja likageuzwa nyumba. Mifuko ya kwanza ilipokwisha nguvu, damu ya mtu haikuwapo, daktari akaweka mingine. Ikaisha hiyo, akaweka mingine tena. Kila alipoweka alipita kwenye benchi letu akauliza, "Ndugu?" Nami nikamjibu, "Wanakuja." Mara ya mwisho hakuuliza, alitutazama tu akapita.

Homa ilikuja kama alivyosema. Macho yakawa manjano, na mkojo kwenye mfuko chini ya kitanda ukawa rangi ya chai iliyokolea. Tulikuwa tumeambiwa tusishtuke, hatukushtuka. Muuguzi wa zamu alipima joto akasema ni ile dawa. Wifi akawaambia wageni ni ile dawa. Baba mdogo, aliyekuja kutazama mgonjwa na koti la kutokea, aliwaandikia Damu Moja kwamba homa ni dalili njema, mwili unaikubali damu mpya. Kila baya lililomtokea mdogo wangu lilikuwa na maelezo yake tayari.

Na wageni walikuja sasa, siwanyimi haki yao. Walipoamini damu haitakiwi tena walikuja kwa makundi. Walimshika mikono, walimshika mguu, walimpigia picha. Niliwaambia wanawe mikono, mmoja akanikatiza: "Si wamesema damu yake haina vijidudu?" Nilimtolea macho mpaka akatafuta njia ya kutokea, lakini alikuwa ameshashika shuka.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa akisema paja linauma kwa ndani. Alisema linavuta, kama kioo kinachokaribia kupasuka, na yeye vioo anavijua. Wakampa dawa ya maumivu. Walichukua damu yake kupeleka maabara, majibu hayakurudi. Wakachukua tena. Asubuhi moja walipofungua bandeji, nilisikia harufu kabla ya kuona kitu, na daktari akafunga macho kidogo kabla ya kuinama kutazama.

Kwamba paja limeoza kwa ndani alinieleza yeye mwenyewe, dirishani, akiwa ameegemea ukuta. Nilimpenda kwa hilo, maana angeweza kumtuma mtu.

"Mashine ya maabara inasoma kwa mwanga," alisema. "Maji ya damu yake yamekuwa mekundu kwa ile dawa, mashine haioni kitu. Na homa tuliisingizia dawa. Macho tuliyasingizia dawa. Ugonjwa wa kweli ulipokuja ulikuta nguo zake zimeshavaliwa."

"Si mlisema ni safi?"

"Ndani ya mfuko ni safi. Uchafu ulitoka mtaroni, tuliosha, tukampa dawa za kuua vijidudu, pengine wachache walibaki. Kwa kawaida mwili huwanyima chuma, na bila chuma hawazaliani vizuri. Damu ya mtu chuma chake kimefungiwa ndani ya chembe. Hii chuma chake kinaelea wazi. Siwezi kukuapia kwamba ndicho kilichofanya, mtaro ule peke yake ungeweza kutosha. Lakini mfuko wa kwanza ulimwokoa, na kila mfuko uliofuata nilikuwa najua naweza kuwa ninawaandalia meza."

"Sasa kwa nini uliendelea?"

Akanitazama, wala hakukasirika.

"Ningempa nini?"

Swali lile lilikuwa la ukoo mzima, na pale dirishani nilikuwa peke yangu.

Waliukata mguu juu ya jeraha, karibu na nyonga, siku hiyohiyo, ili wawahi kuokoa kilichobaki. Na damu ilipatikana, damu ya mtu, ya kutosha. Wanafunzi wa chuo cha jirani walikuwa wamejitolea siku iliyotangulia, watoto wa watu wasiotujua. Ya kuokoa mguu ilikosekana, ya kuukata ikapatikana. Niliposikia nilikwenda chooni nikalia mpaka kamasi.

Mdogo wangu alipozinduka hakupiga kelele. Alipapasa shuka, mkono ukafika mahali ambapo mguu ungekuwapo, ukakaa hapo.

"Ngazi," alisema.

Kazi yake yote ni ngazi. Kioo cha chini kila mtu anaweza kukiweka.

Siku chache baadaye alikuja wodini yule mama wa benki ya damu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekuja kuchukua sampuli kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, akanitambua. Mdogo wangu alikuwa amelala, uso ukutani. Mama yule ni mtu wa maneno, akaniuliza hali, akapangusa miwani, kisha akasema kwa utani tu, bila nia yoyote:

"Na yule baba wa kofia ya kijivu, bado hajamaliza chai yake?"

"Baba gani?"

"Wenu yule. Siku ile ya kwanza. Nilimpima, O safi, presha ya kijana. Nikamuuliza amekula, akasema tangu asubuhi bado. Nikamwambia nenda kanywe chai kwanza, baba, tumbo tupu utanidondokea hapa. Nikamwandalia na kitanda. Hata sasa namsubiri." Akacheka. "Wanaume wakiona sindano. Nilidhani labda mlipata kwingine."

Nilimwambia ndiyo, tulipata kwingine. Alipoondoka nilikaa nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda. Mimi ndiye niliyekwenda kumtafutia maji. Yale makombo ya mkate niliyaona kwa macho yangu. Mfuko wake ungeingia mahali pa mfuko mmoja wa ng'ombe, pengine miwili, na ujumbe wake usingeandikwa, na wale wa njiani wangefika. Sijui kama mguu ungepona. Daktari hajui. Ila baba mdogo ndiye aliyehakikisha hatutajua.

Mdogo wangu alikuwa bado amelala, hajageuka. Nikashukuru kwamba hajasikia. Nilitaka yeye asijue mpaka siku nitakayoichagua mimi.

Na siku ikaletwa kwenye sinia. Mdogo wangu aliporuhusiwa, baba mdogo alitangaza kwenye Damu Moja shughuli ya shukrani, nyumbani kwake, kwa kuwa sebule yake ni kubwa. Nilimwambia wifi nitakachofanya. Nitasimama katikati ya watu wote nimpe makavu, neno kwa neno, chai na presha na ule ujumbe wake. Wifi akanishika mkono.

"Wifi, usitutenge na watu. Kesho na keshokutwa tutamhitaji nani?"

"Tulipomhitaji alikuwa wapi?"

"Najua. Lakini mimi ndiye nitakayeishi na mume asiye na mguu na ndugu wasiosalimiana."

Sikumwahidi kitu. Nilikwenda na maneno yangu yamepangwa mdomoni.

Walijaa kweli. Viti havikutosha, kama kawaida. Shangazi alikuja, na mjomba, amerudi kwenye safari yake. Simba wa binamu alikuwa nje ya mkono wa shati. Mdogo wangu aliketishwa karibu na dirisha kubwa la sebule, lile aliloliweka mwenyewe mwaka ule nyumba ilipohamiwa, akawa anachunguza pembe zake kwa kidole kama fundi anayepitia kazi. Magongo yake mawili yaliegemezwa kando. Mezani kulikuwa na mkate, vikombe na birika kubwa.

Baba mdogo akasimama kuhutubia, kofia kichwani. Alisema mguu ni kiungo, uhai ndio mali. Alisema sisi ukoo tulishikamana. Alisema kizazi hiki kimebarikiwa, maana mtoto wetu aliingiziwa damu safi, isiyo na maradhi ya watu, na ndiyo maana leo tuko naye. Watu wakaitikia. Nikaanza kunyanyuka.

Mdogo wangu akaniwahi. Alichukua gongo moja, la pili akaliacha ukutani, akajivuta mpaka mezani. Akamimina chai kwenye kikombe, mpaka juu. Watu walidhani ana kiu, mtu mmoja akasema, "Kaa, tutakuletea," akatikisa kichwa. Akakishika kikombe kwa mkono uliokuwa huru na kuanza kutembea kuelekea mbele.

Wenye miguu miwili hawajui ugumu wa kubeba kikombe kwa gongo moja. Kila hatua chai ilimwagika, ikampita vidoleni, ikadondoka kwenye zulia la baba mdogo. Ilikuwa ya moto, niliona ngozi inabadilika, wala hakukiweka chini. Wifi alitaka kumkimbilia, akasita. Mpaka anafika, aliyesikika ni mtoto wao tu, akiguna mgongoni mwa mama yake.

"Baba mdogo," alisema, kwa heshima ileile aliyolelewa nayo. "Chai yako. Mama wa benki ya damu anasema bado anakusubiri."

Hakupaza sauti. Nadhani wa nyuma hawakusikia, waliuliza amesema nini, na wa mbele hawakuwajibu. Mimi nilikuwa nimesimama nusu, maneno yangu yote mdomoni, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi tena. Kumbe siku ile alikuwa macho. Alikuwa ameyabeba peke yake muda wote ule niliokuwa nikimtunzia siri.

Baba mdogo alikitazama kikombe. Akamtazama shangazi, akatazama dirisha. Kisha akavua kofia, mara ya kwanza nakiona kichwa chake, kidogo, chenye mvi chache, akaiweka kwapani ili mikono yote miwili ipate nafasi. Akapokea. Akainywa chai yote, taratibu, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya, na watu wote tunamtazama anavyomeza.

Alipomaliza alinyoosha mkono wenye kikombe, kama mtu yeyote anayesubiri kupokewa. Shangazi alikuwa karibu, binamu alikuwa karibu, wifi alikuwa karibu. Mdogo wangu alikuwa ameshageuka, anarudi kwenye kiti chake na gongo lake moja. Mkono wa baba mdogo ulibaki hewani pale, na hakuna aliyesimama kuupokea.